Ukoo wetu nusu wanaswali nusu wanasali, tumekosana kisa Gaza. Viongozi wa dini wa kule kule wanasemaje?

Mwana wa Ngamiani

Wakuu heshima kwenu. Naomba kuelimishwa na siyo kutukanwa, maana najua mada ikishakuwa Israel na Palestina watu wanaingia na viatu.

Ukoo wetu wa Tanga ni mchanganyiko, upande wa babu wanaswali, upande wa bibi wanasali, na tangu tukiwa wadogo Idd tunakula kwa baba mdogo na Krismasi baba mdogo anakula kwetu, hakuna aliyewahi kuona ajabu. Sasa tuna grupu la wasap la ukoo, kazi yake ilikuwa michango ya misiba na harusi basi. Tangu Oktoba 2023 limekuwa uwanja wa vita. Shangazi yetu mmoja ni mlokole wa kisawasawa, kaweka bendera ya Israel kwenye profaili na kila asubuhi lazima atupie Zaburi 122, "Utakieni Yerusalemu amani". Haipiti nusu saa baba mdogo anarusha klipu ya shehe analia kwenye mimbari, watoto wamefukiwa na kifusi. Shangazi anajibu na klipu ya mchungaji wa Marekani anasema haya yote yalishaandikwa ni unabii unatimia. Wiki iliyopita binamu anakumbusha hela ya arobaini ya bibi, hakuna hata mmoja aliyemjibu, wote wako Gaza.

Nilichokuja kugundua ni kwamba hao wote wanaorushwa mle ndani wako mbali. Wa Texas, wa Dar, wa London, wa Nairobi. Sasa wale wenye makanisa na misikiti na masinagogi pale pale Yerusalemu, Bethlehemu na Gaza yenyewe wanasemaje? Na je yupo ambaye amewahi kuisema timu yake mwenyewe? Maana kuwasema wa upande wa pili hata mimi naweza, sihitaji kanzu wala kola.

Dogo wa Makorora

Naweka kambi hapa, uzi wa maana huu.

Katekista Mstaafu

Kijana umeuliza vizuri. Mimi ni mkatoliki, nitaongelea ninachokifuatilia.

Gaza nzima ina parokia moja tu ya kikatoliki, Familia Takatifu, iko Gaza mjini. Paroko ni Muargentina, Padre Gabriel Romanelli. Vita vilipolipuka yeye alikuwa Bethlehemu akashindwa kurudi, aliyebaki ndani ni msaidizi wake Padre Yusuf Asad ambaye ni Mmisri, pamoja na masista. Watu wakakimbilia pale mia kadhaa, wakatoliki kwa waorthodoksi, wanalala madarasani, na walikuwepo pia walemavu wanaotunzwa na masista wa Mama Teresa. Basi Papa Francis akaanza kuwapigia simu. Siyo barua, siyo tamko, simu. Karibu kila jioni, mwaka na nusu. Hata alipolazwa hospitali ya Gemelli, Roma, Februari 2025, mapafu yamemshika, mtu anapumua kwa shida, bado alipiga. Ya mwisho ilikuwa Jumamosi tarehe 19 Aprili, mkesha wa Pasaka. Jumatatu akafariki.

Na ukisikiliza alichokuwa anauliza siyo siasa hata kidogo. Mmekula nini leo? Kuna video ya Januari 2025 anawauliza hivyo na wanamjibu kuku. Ni babu anapigia wajukuu. Mimi nimefundisha dini miaka 31 na nakwambia ile simu ilinifundisha kuliko semina zote nilizokaa.

Ila alipoongea hadharani alilaumiwa na kila upande. Novemba 2023 siku moja alikutana na ndugu wa mateka wa Israel, kisha akakutana na Wapalestina wenye ndugu Gaza, halafu akasema hii tena siyo vita, huu ni ugaidi. Viongozi wa Kiyahudi wa Italia wakawaka, kwamba anawaweka wote kwenye kapu moja. Wapalestina nao wakatoka wanasema Papa katamka mauaji ya kimbari, Vatikani ikajibu haina taarifa kwamba neno hilo lilitamkwa. Mwaka uliofuata kwenye kitabu chake ikatoka kwamba ichunguzwe kama yanayotokea Gaza yanaingia kwenye maana hiyo, moto ukawaka upya. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema Papa alikaa kimya, au Papa alikuwa wa upande fulani, mwambie akasome.

Nuru ya Sayuni

Bwana asifiwe. Nimesoma hapo juu nikasikitika. Mwanzo 12:3 haijafutwa, "nami nitawabariki wakubarikio, naye akulaaniye nitamlaani". Sisi tunaosimama na Israel siyo kwamba hatuna huruma, tunasimama na neno.

Na mbona hapo hamjaigusa 7 Oktoba, siku Hamas walipoivamia Israel? Watu wapatao 1,200 waliuawa siku moja, 251 wakabebwa mateka, wazee, watoto wachanga. Vijana wetu wawili wa Kitanzania walikwenda kusomea kilimo, wamerudi kwenye majeneza, na mwili wa mmoja ulikaa Gaza miaka miwili, umekabidhiwa Novemba 2025. Wazazi wamekaa miaka miwili hawana kaburi la kumwagia hata udongo. Nani kwenye hao viongozi wenu aliwalilia? Tuanzie hapo ndo tuendelee.

Katekista Mstaafu

Mtumishi, hapo kwa vijana wetu uko sahihi na nakuunga mkono, hata kwetu parokiani waliombewa Jumapili moja tu ikaisha.

Lakini kuhusu mateka. Yule Patriarki wa Kilatini wa Yerusalemu, yaani mkuu wa wakatoliki kule, Kardinali Pierbattista Pizzaballa, tarehe 16 Oktoba 2023, hata wiki mbili hazijapita, aliulizwa na waandishi kama yuko tayari yeye achukuliwe na Hamas ili watoto waachiwe. Akasema niko tayari. Afu wiki iliyofuata akaandika barua kwa waamini wake, ambao wengi ni Waarabu Wapalestina kumbuka, akawaambia kilichofanyika tarehe 7 kusini mwa Israel hakikubaliki kwa namna yoyote, na kwenye barua hiyo hiyo akasema mabomu ya Gaza na maelfu wanaokufa nayo hayakubaliki, na ukaliaji wa mabavu lazima uishe. Ukiwaandikia hivyo watu wako ambao wanazika kila siku, wengine watakugeuzia mgongo. Aliandika tu.

Bint Kisauni

Mimi wacha niongee na huyu ndugu Nuru ya Sayuni taratibu, maana mimi nilikuwa kama yeye.

Mi ni Muanglikana wa Mombasa. 2019 tulienda hija Nchi Takatifu na kanisa, basi zima, nyimbo kutoka asubuhi. Tuliona mawe yote, mtoni tukaingia, Kaburi Takatifu tukapanga laini masaa. Siku ya Bethlehemu tukavuka ule ukuta, mwongozaji wetu wa safari akabadilishwa, akaja mwenyeji, mkristo wa pale pale, kumbe ye kuingia Yerusalemu mpaka awe na kibali na kutoka Bethlehemu hadi Yerusalemu ni kama Kisauni hadi Likoni hivi. Akatupeleka duka la vinyago vya mzeituni, tukanunua, mimi nikanunua pango la Krismasi, tukarudi basini. Siku kumi hizo hatukuingia ibada hata moja ya wakristo wa huko. Hata moja! Na hakuna aliyeuliza, na mimi nikiwemo.

Desemba 2023 naona kwa simu, kanisa la Kilutheri la Krismasi hapo Bethlehemu, mchungaji anaitwa Munther Isaac, pango lao wamelijenga kwa vifusi vya saruji, mtoto Yesu amelazwa katikati ya mawe amefunikwa kwa kefiya, kile kitambaa cha Wapalestina. Mji mzima ulifuta sherehe za Krismasi mwaka huo, na uliofuata pia. Kwenye mahubiri yake aliwavaa wakristo wenzake wa nchi za magharibi, akawaambia kimsingi ukimya wenu huu hatutausahau, na msije baadaye kutuomba radhi. Nikaangalia lile pango langu la mzeituni kwa kabati nikaona aibu.

Na ile teolojia ya "ukiibariki Israel" ambayo ndugu ameleta, si mimi naipinga, wenye nchi waliipinga kitambo. Agosti 2006 Michel Sabbah, ambaye alikuwa Patriarki wa Kilatini wa kwanza kuwa Mpalestina, pamoja na maaskofu wa Anglikana, wa Kilutheri na wa Kisiria hapo Yerusalemu, walitia sahihi tamko kwamba uzayuni wa kikristo ni mafundisho ya uongo, unapotosha ujumbe wa upendo na haki. Wameandika hivyo, uongo. Sasa kwetu huku tunahubiriwa na John Hagee ambaye yuko San Antonio Texas. Huyo ndo alifunga kwa baraka siku ubalozi wa Marekani unafunguliwa Yerusalemu, 14 Mei 2018, na siku hio hio kwa uzio wa Gaza waliuawa watu kama 60. Alleluya moja upande huu, vilio upande ule, na kati yao ni mwendo wa saa moja na nusu kwa gari.

Nuru ya Sayuni

Dada yangu hao maaskofu ni Wapalestina, watasema nini kingine? Na wao wana upande. Wanaishi na Waislamu wengi wanaogopa.

Bint Kisauni

Wanaogopa na bado wanaandika barua kama hio ya Pizzaballa? (ambaye ni Muitaliano by the way, sio Mpalestina.) Julai 2025 walienda Taybeh, kijiji cha wakristo watupu huko Ukingo wa Magharibi, walowezi wa Kiyahudi walikuwa wamewasha moto karibu na magofu ya kanisa la kale. Mapatriarki wakaja wenyewe wakasimama hapo. Siku tatu baadae lile kanisa la Familia Takatifu la Gaza likapigwa, watu watatu wakafa na yule paroko Romanelli, ambaye alikuwa amesharudi Gaza, akaumia mguu. Jeshi likasema ni kombora lilikosea njia, Netanyahu akampigia simu Papa Leo. Kesho yake Pizzaballa na Patriarki Theophilos wa waorthodoksi wakaingia Gaza wenyewe na misaada. Mtu muoga hufanya hivyo?

Mswahili wa Ruwi

Assalaam alaykum. Miye niko Maskati, asili yangu Unguja. Nimesoma yote, sasa nimjibu mwenye swali upande wetu, na nisiwapake watu mafuta.

Masheikh wa kuisema Israel tunao wa kumwaga. Mufti wa hapa Oman, Sheikh Ahmed bin Hamad al-Khalili, huyo kazaliwa Unguja, kahamia huku 1964, na Kiswahili chake ndo hichi chetu, yeye yuko wazi kabisa, anawaunga mkono wapiganaji wa Palestina, taarifa baada ya taarifa. Nampenda mzee wangu. Pale al-Aqsa yupo Sheikh Ekrima Sabri, mzee wa makamo ya babu zetu, Agosti 2024 kamtaja Haniyeh, kiongozi wa Hamas aliyeuawa, kwenye khutba ya Ijumaa kwa kumuombea, akakamatwa, akapigwa marufuku kukanyaga msikiti miezi sita. Huyo gharama kailipa.

Lakini al-Azhar, chuo kikuu cha Kiislamu cha Kairo, je? Julai 2025 watu wa Gaza wanakufa na njaa, al-Azhar ikatoa tamko kali, na haikupita muda ikalifuta. Wakasema wasije wakaharibu mazungumzo ya kusitisha vita. Labda kweli, sijui ya ndani yao. Lakini wallahi siku ile niliumwa. Mji wa minara elfu moja na tamko halidumu usiku mmoja.

Sasa swali lako hasa, nani kaisema timu yake. Yupo, na yupo ndani ya Gaza yenyewe, si Qatar wala Istanbul. Dokta Salman al-Dayah, alikuwa mkuu wa kitivo cha sharia Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Gaza, mtu anaheshimika mno pale. Novemba 2024 katoa fatwa ya kurasa sita. Kasema jihadi ina nguzo na masharti, na yasipotimia basi huruhusiwi kuiingia ukamwaga roho za watu. Kasema ilikuwa wajibu wa Hamas kuwaweka wapiganaji mbali na nyumba za raia na kuwapa watu usalama na chakula, na hawakufanya. Na kakumbusha kuwa roho ya mtu mbele ya Mwenyezi Mungu ina thamani kuliko hata Makka. Ebu fikiria, kaandika haya akiwa pale pale, ndege za Israel juu ya kichwa chake na Hamas mlango wa jirani. Haya sasa niambieni, nani kwenye magrupu yetu kairusha fatwa hiyo? Hakuna. Haina upande, hainogi kurusha.

Na mumuulize huyo baba mdogo aitazame tena Surat al-Maida aya ya 32, kumuua mtu mmoja ni kama kuwaua watu wote. Wengi tunaisoma kuanzia katikati. Mwanzo wake inasema "tuliwaandikia Wana wa Israili". Na kweli Mayahudi wenyewe wanayo maneno hayo kwenye Mishna, kitabu chao cha kale cha sheria za dini.

Mwana wa Ngamiani

Sheikh hapo kwenye aya umenimaliza. Sikuwahi kuijua kabisa fatwa hiyo.

Na marabi je? Mbona mpaka sasa hakuna aliyewagusa.

Mzee wa Vitabu

Nilikuwa nasubiri mtu aulize.

Marabi wamegawanyika vibaya kuliko hata sisi. Ukitaka ubaya anza na Meir Kahane, rabi mzaliwa wa New York, alitaka Waarabu wote wafukuzwe, chama chake cha Kach kikapigwa marufuku kugombea bunge la Israel 1988, miaka miwili baadae akauawa huko huko New York. Watu walisema imeisha. Leo Itamar Ben Gvir aliyekulia kwenye vuguvugu hilo amefika kuwa waziri wa usalama. Kwa hiyo mahubiri yanaweza kulala miaka 30 yakaamka na ulinzi wa serikali.

Lakini upande wa pili yupo rabi mmoja namuelewa sana, Arik Ascherman. Mzaliwa wa Marekani huyu naye, aliongoza miaka mingi shirika la Marabi wa Haki za Binadamu lililoanzishwa 1988. Kazi yake mimi naiona ya kishamba kwa maana nzuri, kuchuma zeituni. Kila msimu wa mavuno, Oktoba na Novemba, wakulima wa Kipalestina wakienda mashambani walowezi wanawapiga, wanakata miti, basi marabi wanakwenda kusimama nao, wanashika ngazi, wanachuma. Mlowezi akija anakuta mzee wa ndevu na kofia ya kiyahudi juu ya mti. Oktoba 2015 mlowezi kijana aliyejifunika uso alimrukia Ascherman na kisu, iko video yake dunia nzima iliona. Alipona, akarudi shambani. Na andiko lenyewe si la kutafuta mbali, Kumbukumbu la Torati 20:19, hata ukiuzingira mji wa adui miti yake ya matunda usiikate. Mtumishi Nuru ya Sayuni naomba hilo nalo uliweke kwenye profaili siku moja.

Ovadia Yosef ndo kichwa kigumu kumuelewa. Huyu alikuwa rabi mkuu wa Wasefaradi, Wayahudi wenye asili ya Hispania na nchi za Kiarabu, mdomo mchafu sana juu ya Waarabu, nisirudie hapa. Ila huyo huyo mwishoni mwa miaka ya 70 alitoa hukumu ya kidini kwamba ikiwa kurudisha ardhi kutaokoa maisha basi irudishwe, maana kuokoa roho ya mtu kunatangulia ardhi. Menachem Froman naye alikuwa rabi wa Tekoa, ni makazi ya walowezi kabisa, na alikuwa anakwenda kukaa na Arafat, na hata na Sheikh Ahmed Yassin mwanzilishi wa Hamas. Walowezi wenzake walimuona chizi. Amefariki 2013.

Na Julai 2025, marabi zaidi ya 1,000 wa nchi mbalimbali walitia sahihi barua kwamba njaa isitumike kama silaha Gaza. Barua hiyo hiyo haikuisafisha Hamas hata kidogo.

Dogo wa Makorora

Kwa hiyo waliosema ukweli wote au wamepigwa au wamefungiwa au wameitwa vichaa. Na wahubiri wenye jeti wako salama. Sawa tumeelewa.

Nuru ya Sayuni

Dogo usidhihaki. Mimi sijabadili msimamo, ahadi ya Mungu kwa Israel haitegemei serikali wala jeshi. Lakini hilo la Kumbukumbu 20:19 nimekwenda kulisoma na sina la kujibu kwa sasa. Na hiyo fatwa kama ipo kweli basi huyo shehe ni jasiri, nitamuombea.

Mswahili wa Ruwi

Ipo mtumishi. Na dua yako tunaipokea, muongeze na paroko.

Mwana wa Ngamiani

Wakuu nawashukuru sana, nimejifunza kwa jioni moja kuliko miaka yote ya lile grupu.

Mrejesho. Nimetupia mle ndani vitu viwili bila maneno mengi, fatwa ya Dokta al-Dayah kwa kifupi, na picha ya Pizzaballa na yule Patriarki wa kiorthodoksi wako kwenye ua wa kanisa Gaza. Baba mdogo kanipigia simu pembeni, sauti imepoa, ananiuliza hiyo fatwa nimeitoa wapi, naiamini vipi, yule ni msomi kweli au ametengenezwa. Tumeongea kama dakika arobaini, hajakubali wala hajakataa, anataka aisome kwa Kiarabu mwenyewe. Kama kuna mwenye nayo kwa Kiarabu anisaidie.

Shangazi yeye kaandika mstari mmoja tu kwenye grupu: "Kwani Gaza kuna kanisa?"

Nimemjibu lipo, na la waorthodoksi lipo pia, la Mtakatifu Porfirio, la karne nyingi, nalo lilipigwa Oktoba 2023 wakafa watu waliokuwa wamejificha ndani. Tiki zimekuwa za bluu tangu saa mbili usiku. Mpaka sasa hajajibu, na leo asubuhi Zaburi haijaja.